Achieng, ile daftari ya ploti uliiweka wapi?

Sasa Achieng, habari za Kitale? Najua nimenyamaza sana na wewe pia umenyamaza, kwa hivyo tusilaumiane. Watoto hawajambo? Mguu wa mathe umepoa? Huku tuko salama, kazi inasukumwa tu, na maji ya kanjo bado yanakuja siku yakijisikia.

Nakuandikia juu ya Guka wa nyumba ya juu, yule wa redio. Wiki jana sukari ilimshuka akaanguka hapo bafuni, akalala sakafuni usiku kucha, na watu wanapita mlangoni wakisikia redio inaongea wanajua Guka yuko sawa. Ni kijana wa mitungi aliona maji yanatokea chini ya mlango ndio akaita watu. Ako hai, anaendelea kupata nafuu, lakini Achieng hii kitu imenikaa vibaya kwa roho.

Kwa sababu 2020 haingefanyika. Kumbuka ile Machi, mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa tarehe 13, siku chache shule zikafungwa, mwezi haujaisha tukawekewa kafyu ya saa moja jioni, kisha Aprili Nairobi yenyewe ikafungwa, shagz huendi mpaka Julai. Hapo ndio ulinunua daftari ukapita mlango kwa mlango: nani anaishi peke yake, nani ana presha, nani ana sukari, nani ni mjamzito, nani ana gari, simu ya mtu wao wa nyumbani. Mama Kevo aliposhikwa na uchungu usiku na huko nje hakuna anayethubutu kutoka kwa sababu ya polisi, si ni hiyo daftari ilikuwa na namba ya yule nesi wa ploti ya pili? Huyo mtoto sasa anasumbua watu na baiskeli kwa korido.

Watu husema korona ilitufundisha kunawa mikono. Mimi nakataa. Kunawa tulijua, kenye hatukuwa nacho ni maji, na lile tangi la geti saa hii mfereji umeng'oka, watoto wanaficha mpira ndani. Chanjo nayo ilifika Machi 2021, dozi milioni moja na kidogo kwa nchi ya watu zaidi ya milioni 47. Karibu mwaka mzima tulikuwa tunategemea nani, kama si mtu wa mlango wa pili? Yule aliyepoteza kazi ya hoteli alikula kwa nani? Hiyo ndio ilitushikilia, na ndio kitu ya kwanza tuliacha. Dunia ilitangaziwa mwisho wa dharura Mei 2023, lakini sisi kafyu ilipotolewa tu, Oktoba 2021, kila mtu akajifungia kwake. Wapangaji wapya hata majina siwajui, na ugonjwa mwingine ukija, ama moto tu, ama mafuriko kama yale ya 2024, tutaanza kuulizana majina saa hiyo?

Nimeongea na keretaka juu ya kuanza daftari upya, amekubali tukutane Jumapili hapo kwa ngazi. Mama Kevo ameahidi chai, wewe unamjua, atakuja na mandazi pia.

Sasa nisaidie. Hiyo daftari bado unayo ama ilipotea ukihama? Kama iko, unaweza kupiga picha zile kurasa za mwanzo nione vile uliipanga? Wale hawakutaka ugonjwa wao uandikwe, uliwawekea alama gani? Na yule mzee wa nyumba ya saba alikuwa amekataa kabisa kutoa namba, ulimwambia nini mpaka akakubali? Hawa vijana wa bedsita nao wanasema hayo ni mambo yao ya ndani, nianzie wapi nao? Nijibu kabla ya Jumapili tafadhali, hata kama ni vois tu.

Wako,
Wanjiku