Samaki aliyezaa mchangani

Monterey, California
20 Aprili

Shoga yangu Mwanaisha,

Salamu kwako na kwa wote hapo Tanga. Sisi wazima, ila bahari ya huku ni baridi, ukitia mguu unautoa mbio. Nakuandikia habari ya yule samaki anayezaa, kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi, unacheka tu.

Haya, papa na taa kuzaa tunajua tangu utoto. Lakini huyu niliyekuambia ni samaki wa magamba, mpana kama changu, ubavuni ana mistari ya rangi ya shaba. Kwetu hayuko, kwa hiyo hatuna jina lake. Hapa wanamwita safupachi. Anakaa papo hapo wimbi linapovunjika, ndani ya povu, akitafuta vikaa vinavyojifukia mchangani. Wavuvi nao huvichimba vikaa hivyohivyo wakavifanya chambo.

Jumamosi mzee jirani yetu alivuta jike, tumbo limejaa. Kumlaza tu mchangani, akaanza kuzaa! Mmoja, wa pili, wa tatu, halafu nikapoteza hesabu. Kila kimoja kama kidole changu cha mwisho, kimekamilika, magamba na mapezi yake. Mzee akavizoa kwa kofia akavirudisha majini, na mama yao akamwachia. Mimi nimesimama mdomo wazi.

Kumbe dume humtia jike mbegu ndani, na vitoto hulelewa tumboni miezi. Wapo wa ukoo huohuo, wadogo, ambao madume yao huzaliwa yameshabalehe. Hapo cheka, nakuruhusu.

Na si mimi wa kwanza kushangaa. Mwaka 1852 mtu aitwaye Jackson alivua samaki mmoja wa ukoo huu pale Sausalito, ghuba ya San Francisco, akamkuta na watoto hai tumboni. Akamwandikia Louis Agassiz, profesa wa Harvard, naye mwaka 1853 akautangaza kuwa ukoo mpya wa samaki. Mmoja wao mpaka leo ana jina la Jackson ndani ya jina lake la kisayansi la Kilatini. Huyo hukaa kwenye miamba na misitu ya mwani. Usifikirie mwani wa Paje wa kufunga kwenye kamba, huu unasimama kutoka chini hadi juu ya maji, mrefu kupita mnazi.

Picha nimezituma kwa simu ya Zuhura. Mwonyeshe baba kwanza, ndipo uniite mwongo.

Wako,
Saumu