Barua kwa mwanangu kabla ya safari ya Kunduchi

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Uyole. Sisi hatujambo, ila baba yako goti linamsumbua tena, na shambani anakwenda hivyohivyo. Ujumbe wako nimeupata, kwamba Desemba mtashuka Dar na mtoto mtampeleka Kunduchi, pale Wet 'n' Wild, akachezee maji. Umeilipia safari mwenyewe bila kukopa kwa mtu, na hilo nimewaambia majirani wote. Lakini tangu niusome nina neno moja, nami nitalirudia mpaka ulichoke: mtoto wa miaka miwili akiwa majini, mkono wako umfikie. Macho hayatoshi. Mkono.

Watu wanadhani mtoto akizama atapiga kelele na kurusharusha maji. Hapigi. Anazama kimya, maana aliyekosa pumzi hana sauti ya kuita. Kichwa cha mtoto wa umri ule ni kizito kwa mwili wake. Akiinama kinamvuta, na kujiinua hawezi. Maji ya sentimita 5 yanamtosha. Kwa hiyo bwawa la watoto lisikudanganye eti maji yanaishia magotini. Yanaishia magotini kwako wewe.

Kinachonitisha zaidi ni wingi wenu. Wifi yako atakuwepo, na watoto wake wakubwa, na mdogo wako, na kila mmoja atadhani mwenzake anamwangalia mtoto. Mkabidhiane kwa mdomo. Unasema, "Mtoto yuko kwako," na mwenzako anajibu, "Yuko kwangu." Asipojibu, bado yuko kwako, hata kama amesimama karibu naye. Mwenye zamu asishike simu. Hapo nakusema wewe, na unajijua. Picha apige mwingine.

Wewe huogelei. Huku kwetu maji ni ya baridi, na sisi tulitanguliza ada za shule, ndivyo ilivyokuwa. Basi usiingie naye penye maji yanayokupita kiuno, hata wakikuita.

Yale maboya ya kupuliza ya mikononi ni ya kuchezea tu: yanavuja, na akiinua mikono yanachomoka. Kama utanunua kitu, nunua laifu jaketi la uzito wake, lenye mkanda unaopita katikati ya mapaja. Bila mkanda huo jaketi linampanda usoni, yeye anateleza kwenda chini. Mvalishe nyumbani, ulishike mabegani, ulivute juu. Likifika masikioni, si lake. Na hata akilivaa, mkono wako umfikie. Nguo ya kuogelea iwe nyekundu au ya rangi ya machungwa. Ya buluu au nyeupe ikiwa chini ya maji huioni.

Kwenye miteremko ya kuteleza, ile mirefu wanapima kimo, naye hatafika. Usimbembeleze mlinzi. Kwenye mifupi, usimpakate. Wazazi wengi wanampakata mtoto wakidhani ndiyo usalama, kumbe ndiyo inayovunja miguu: unyayo wake unagusa ukingo na kunasa, wewe na uzito wako mnaendelea kushuka, mguu unabaki nyuma na kujipinda, mfupa wa chini ya goti unavunjika. Peke yake asingeumia hivyo, maana mwili mdogo ukinasa unasimama. Ateleze mwenyewe kwenye kale kadogo kabisa, wewe ukiwa chini unampokea. Akikataa, mwache.

Pampasi za kawaida zinanyonya maji ya bwawa mpaka zinaning'inia. Zipo za kuogelea, lakini hizo hazizuii mkojo, na choo zinakishika kwa muda tu. Mvalishe mnapoingia majini, mkague kila nusu saa. Na kila nusu saa mtoe hata kama analia, umkaushe na kumfunga kanga kavu, maana hata kwenye joto la Dar midomo itabadilika rangi. Akiharisha wiki hiyo, hakuna kuogelea, hata kama viingilio vimelipwa. Kuna vijidudu ambavyo klorini haiviui upesi, na atawapa wenzake.

Asipoonekana, msianze kutafuta getini wala dukani. Majini kwanza, kila bwawa, hata lile ambalo mna hakika hakwenda. Mpige picha asubuhi akiwa na nguo za siku ile, na namba yako uiandike kwa kalamu mkononi mwake.

Akitolewa majini hapumui, mmoja aite msaada, wewe mlaze chali pagumu, rudisha kichwa nyuma kidogo, nyanyua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi 5, kila moja mpaka kifua kinyanyuke. Halafu kandamiza katikati ya kifua kwa kiganja kimoja mara 30, kifua kibonyee theluthi moja, kisha pumzi 2, na kurudia bila kusimama. Asitokee mtu wa kumning'iniza miguu juu au kumkamua tumbo. Hapo matapishi yanakwenda mapafuni na dakika zinapotea. Akizinduka, hospitali siku hiyohiyo, hata kama anacheka. Mumeo naye ayasome haya.

Mengine machache. Kabla ya mlima Kitonga asishibe sana, zile kona zitamtapisha. Mkifika Mbezi, kesho yake apumzike kwanza. Kunduchi nendeni siku ya kazi, asubuhi wanapofungua, na saa tano awe kivulini. Usiku alale ndani ya chandarua, na akipata homa mkisharudi Iringa, hata baada ya wiki tatu, mpeleke akapimwe na uwaambie ametoka Dar.

Na lile pipa lako la uani halina mfuniko. Niliwaambia Pasaka, nikaonekana nasumbua. Ndoo za kufulia pia zimwagwe usiku. Kunduchi ni siku moja, pipa liko hapo mwaka mzima.

Huku tunasubiri mvua ikolee tupande mahindi. Mbolea ya kupandia tumepata mifuko miwili, baba yako anasema tuongeze mmoja. Kama una nafasi, tuma kabla ya bei kupanda. Maharage debe moja na viazi nitapakia kwenye basi, mkapokee stendi ya Igumbilo, magunia nimeyaandika jina lako.

Nijibu upesi, unitajie kwa majina nani atakuwa na mtoto majini, na kwa zamu ipi. "Tutakuwa wote" silipokei.

Mama yako