Wapime damu ya samaki wa Kafubu, si maji peke yake

Bwana Mhariri,

Kila samaki wanapoelea wamekufa kwenye mto Kafubu, hapa Lubumbashi, wapimaji huja na chupa, huchota maji, huondoka. Baadaye tunaambiwa maji hayana neno. Pengine ni kweli, lakini maji ya leo siyo yaliyopita usiku samaki walipokufa. Hayo yameshashuka kuelekea mto Luapula. Aliyebaki pale ni samaki. Mimi mfugaji wa tilapia na kambale naomba jambo moja: wachukue na damu ya samaki walio hai.

Ngozi ya matamvua, anakopumulia samaki, ni nyembamba sana, kwa hiyo sumu ya majini haina safari ndefu kuingia damuni. Madini ya risasi huzuia mwili kutengeneza hemoglobini, ile rangi nyekundu ya damu inayobeba hewa, samaki akaishiwa damu huku bado anaogelea. Nitriti, itokanayo na maji ya vyoo, huigeuza damu kuwa ya kahawia, na samaki akakosa pumzi hata kama maji yana hewa ya kutosha. (Wafugaji wenzangu nao wasijitoe: tukilisha kupita kiasi, nitriti hiyo hiyo huzaliwa bwawani kwetu. Chumvi kidogo husaidia, maana huizuia isipenye kwenye matamvua.)

Shaba ndiyo yenye hila, nasi tumeyeyusha shaba hapa Lubumbashi tangu 1911. Humfanya samaki apoteze chumvi ya mwili, maji yahame kutoka damuni, damu iwe nzito. Asiyejua akipima ataona chembe nyekundu zimejaa, aandike kwamba samaki ana damu nzuri! Ndiyo maana lazima samaki alinganishwe na mwenzake wa aina ile ile, ukubwa ule ule na msimu ule ule, aliyevuliwa juu ya mto kabla haujafika viwandani.

Gharama isiwe kisingizio. Damu huchotwa mkiani kwa sindano, hutiwa kwenye mrija mwembamba wa kioo, huzungushwa kwa mashine, kisha husomwa kiasi cha chembe. Tone moja likipakwa kwenye kioo cha hadubini huonyesha mengine: chembe nyekundu za samaki zina kiini, tofauti na zetu, na kiini kilichoharibiwa na sumu huacha vipande vinavyoonekana. Chuo Kikuu chetu kina wataalamu wa tiba ya mifugo. Mwaka 2009 watafiti wake na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga, wakakuta madini ya kobalti mengi mno. Kwa watu walitafuta mwilini. Kwa samaki mbona tunaishia kwenye chupa?

Damu haitatuambia kama nyama inalika. Hicho ni kipimo kingine, nacho kifanywe. Matokeo yote yabandikwe kwenye ofisi za komini, kwa Kiswahili, pamoja na mahali na tarehe samaki alipovuliwa. Na waanze Septemba, kabla ya mvua, mto ukiwa mdogo na uchafu haujapata maji ya kuuzimua.

Mfugaji wa samaki,
Komini ya Annexe, Lubumbashi