Tuambiwe kaya ya kawaida ya Kitui hupata pesa ngapi

Mhariri,

Kila takwimu za Pato la Kaunti (GCP) zinapotolewa, hakosi mwanasiasa wa kuligawa pato hilo kwa idadi ya watu na kututangazia kwamba wakazi wa Kaunti ya Kitui, hapa Kenya, wameneemeka. Naomba nafasi katika gazeti lako niipinge hesabu hiyo.

Pato la kaunti ni thamani ya shughuli zote za kiuchumi za eneo zima, kuanzia mavuno hadi ujenzi na huduma za serikali. Halisemi nani alipata nini. Tuchukue kaya tano za kijiji kimoja: moja hupata Sh4,000 kwa mwezi, ya pili Sh6,000, ya tatu Sh8,000, ya nne Sh11,000, na ya tano, ya mwanakandarasi, Sh150,000. Wastani ni Sh35,800, pesa ambazo nne kati ya kaya hizo hazijazikaribia. Kaya ya katikati ina Sh8,000. Kiwango hicho cha katikati, mediani, ndicho ninachotaka kitangazwe kwa kila kaunti, na kifuatiliwe mwaka baada ya mwaka.

Si kazi nyepesi. Muulize mama wa Mutomo alipata pesa ngapi mwezi uliopita. Aliuza mbuzi ili alipe karo, kijana wake aliye Nairobi akamtumia kidogo kwa M-Pesa, naye akapata vibarua vya kupalilia. Mahindi na mbaazi wanazokula zimetoka shambani, hazikununuliwa, lakini ni mapato pia. Muulize Februari, ndengu zikiwa zimevunwa, halafu urudi Oktoba ghala likiwa tupu: atakupa majibu mawili tofauti na yote ni ya kweli. Ndiyo sababu Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) liliendesha utafiti wa bajeti za kaya wa 2015/16 kwa mwaka mzima. Mtu anayekuja kijijini wiki moja na fomu zake, kisha akatangaza mapato ya kaunti, anatupotosha.

Kulinganisha miaka ndiko kugumu zaidi. Utafiti wa aina hiyo wa 2005/06 ulifuata wilaya, maana kaunti hazikuwapo, na wakati huo Kitui na Mwingi zilikuwa wilaya mbalimbali. Huwezi kujumlisha mediani mbili ukagawa kwa mbili. Lazima urudi kwenye rekodi za kaya zenyewe, uzipange upya kama kaunti moja. Tena wakati huo M-Pesa haikuwapo, maana ilianza 2007, na pesa za kutoka mjini zilifika kwa mkono wa msafiri.

Halafu kuna bei. Mstari wa umaskini wa mashambani, yaani kiwango cha matumizi ambacho aliye chini yake huhesabiwa maskini, ulikuwa Sh1,562 kwa mtu mzima kwa mwezi mwaka 2005/06. Kufikia 2015/16 ulikuwa Sh3,252. Kaya iliyotoka Sh6,000 hadi Sh12,000 katika muda huo haikupanda hata hatua moja. Kwa kweli iliteleza nyuma kidogo. Kaya nazo zimepungua ukubwa: sensa ya 2009 ilikuta takriban watu 4.4 kwa kila kaya nchini, ile ya 2019 ikakuta 3.9. Mediani ya kaya ikitolewa bila kutaja idadi ya walaji, haijatueleza mengi.

Jambo linalonikera ni kwamba nchi hii ina ujuzi wa kufanya kazi hiyo. Mwaka 2003 takwimu za sensa ya 1999 ziliunganishwa na za utafiti wa hali ya maisha wa 1997, zikatoa ramani za umaskini hadi ngazi ya lokesheni. Mbinu hiyo inaweza kukadiria mapato ya kaunti katika miaka ambayo hakuna utafiti mkubwa. Tangu 2019 KNBS imekuwa na utafiti endelevu wa kaya pia, ingawa anayezitumia data hizo asiichukulie miaka ya ukame, kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, mvua ilipokosekana misimu mitano mfululizo, kuwa hali ya kawaida ya Ukambani, eneo letu la Wakamba.

Nambari hizi zina uzito: kanuni ya tatu ya ugavi wa mapato, yaani ya kuzigawia kaunti pesa za serikali ya kitaifa, iliyopitishwa na Seneti mwaka 2020, iliupa umaskini uzito wa asilimia 14. Mipango ya maendeleo ya kaunti nayo huandikwa upya kila miaka mitano. Nambari mbovu hapo hunyima kata fulani kisima au dawa.

Kwa hivyo naiomba KNBS itoe mediani ya mapato ya kaya kwa kila kaunti, ikiambatana na ukubwa wa kaya, kiwango cha makosa yanayoweza kuwamo na miezi ambayo data ilikusanywa, na izirekebishe nambari za nyuma kwa bei za mashambani. Nawaomba nao waheshimiwa wa Bunge la Kaunti ya Kitui waitishe nambari hizo kabla ya kupitisha bajeti ijayo.

Mwalimu mstaafu,
Mwingi, Kitui