Barua kwa mwanangu anayekwenda kununua pikapu

Mwanangu Elia,

Huku hatujambo, baridi tu ndiyo inayotusumbua. Picha za hiyo Hilux ya dizeli zimefika, mdogo wako amenionyesha moja moja. Nimeiona ni nyeupe, dabo kebini, rimu zinang'aa, viti vimevalishwa ngozi, namba D. Injini sikuiona. Chini ya gari sikukuona. Mtu akikuuzia ng'ombe na kukuonyesha pembe tu, si utamuuliza kiwele kiko wapi?

Jumamosi nenda asubuhi, wanapofungua yadi ya magari, na usiwapigie simu kwamba unakuja. Kabla ya salamu nyingi fungua boneti uweke mkono juu ya injini. Ikiwa na moto, hata uvuguvugu, usiendelee. Waambie utarudi kesho. Dizeli iliyochoka ikishapashwa huwaka kwa stati moja na moshi hauonekani, na hapo ndipo watu wanapolizwa. Najua utaniambia mama, watu wa yadi ni waungwana. Sawa, ni waungwana. Weka mkono.

Ikiwa imepoa kweli, anza na rejeta. Fungua kifuniko (ndiyo maana nasema iwe imepoa, usije ukababuka uso), utazame kama maji yana utando wa oili. Kisha iwashwe wewe ukiwa umesimama nyuma, kwenye ekzosi, si ndani kwenye kiyoyozi. Moshi mweupe kidogo ukatoweka, hiyo ni kawaida. Ukiendelea na unanuka dizeli mbichi, nozeli zinazonyunyizia dizeli ni mbovu, au injini haibani hewa vizuri. Wa bluu, inakula oili. Halafu injini ikiwa inaunguruma taratibu, fungua kifuniko cha kutilia oili. Ikihema kwa nguvu mpaka kifuniko kinarukaruka, pete za pistoni zimekwisha, na hapo hata wakipunguza bei ondoka.

Tena kuna jambo la hita plagi, zile zinazopasha injini ya dizeli joto ili iwake. Dar es Salaam kuna joto, gari yenye hita mbovu itawaka tu huko, hata ikiwa imelala usiku kucha. Ije Njombe mwezi wa Julai, umande umeganda kwenye majani, ndipo tutakapoanza kuisukuma kila alfajiri na wagonjwa ndani. Fundi utakayekwenda naye azipime moja moja. Ni kazi ndogo, asikuambie mpaka wiki ijayo.

Fundi wetu wa Makambako alipoitazama ile picha alicheka. Si kwa ubaya. Anasema umeambiwa ni ya 2010 na imetoka Japani, wakati Toyota iliacha kuuza Hilux Japani mwaka 2004 na haikurudi kuiuza huko mpaka 2017. Kwa hiyo Vigo, kama tunavyoziita Hilux za umbo hilo, ya mwaka huo labda imetumika Uingereza, au Thailand, au Afrika Kusini, au ilinunuliwa mpya hapahapa nchini. Hakuna dhambi katika hayo, ila muuzaji asiyejua gari lake limetoka wapi, au anajua na hasemi, mengine ataniambiaje nimwamini? Ikiwa ni ya Uingereza, huko wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo inakula chesisi, yaani fremu ya chuma ya chini. Chukua bisibisi, ingia chini, gonga kuanzia katikati kwenda nyuma zinapofungwa springi. Ukikuta imepakwa rangi nyeusi mpya, gonga zaidi. Nguo zitachafuka, zitafuliwa.

Injini yenyewe, kama ni D-4D ya lita 3.0, ndiyo hiyo wanayoiita 1KD. Ina nguvu, sikatai, na turbo inasaidia huku juu ambako hewa ni nyepesi. Lakini inataka dizeli safi kama maji ya kunywa, kwa sababu pampu yake inasukuma kwa presha kubwa na nozeli zake haziachi uchafu upite. Sisi huku tunanunua dizeli kwenye madumu. Unaona? Na ina ugonjwa wake: vile vipete vya shaba chini ya nozeli vikilegea, moshi unashuka kwenye oili, oili inakuwa lami, chujio lililo ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, linaziba, injini inakosa oili na kufa. Fundi wetu amesema huyo utakayekwenda naye afungue sampu alitazame. Mwenye gari akikataa, umeshapata jibu. Na mkanda wa taimingi, kama hana karatasi ya lini ulibadilishwa, hesabu kwamba haujabadilishwa na ukate kwenye bei.

Mimi ningechukua ya zamani, yenye injini ya 5L, singo kebini, isiyo na turbo, ambayo fundi wa kijijini anaifungua chini ya mti. Ila una watoto watatu na mama Furaha hawezi kukaa nyuma na magunia, hilo nimelikubali. Basi ujue tu kwamba ile tani moja inayosemwa ni pamoja na watu mliomo ndani. Gunia halali la viazi ni kilo 100, na lumbesa za huku, yale magunia yaliyojazwa kupita kiasi, unazijua. Ukipakia manane na familia ndani umeshapitiliza, na sehemu ya mzigo ya dabo kebini ni fupi, mzigo unakaa nyuma ya ekseli, usukani unakuwa mwepesi. Usije ukanionyesha huo ubingwa kwenye tope la Februari. Fo wili, ile ya kuvuta magurudumu yote manne, uijaribu kwenye vumbi au mchanga, usiijaribu kwenye lami ukikata kona, utavunja difu ya watu.

Ofisini wanakuheshimu, nami najisifu kwa majirani mpaka wananichoka. Dalali haheshimu cheti. Kama hujui difu na gia boksi, sikulaumu sana, maana mimi ndiye niliyekuwa nakufukuza gereji ukasome.

Makaratasi unayajua kuliko mimi: kadi halisi, namba ya chesisi ilingane na ile iliyogongwa kwenye chuma, faini zinazodaiwa, na kama kadi haiko rehani benki. Hela usibebe mkononi. Ni hela ya miti ya misindano aliyopanda baba yako kabla hujazaliwa, na haioti tena mwakani.

Ukishainunua usiianze safari siku hiyohiyo. Ilale, uiwashe tena asubuhi ikiwa imepoa. Ndiyo, narudia. Kisha badilisha oili na chujio zote ndipo mje. Mlima Kitonga msipande usiku, na mkipanda tazama geji ya joto, msisikilize redio. Ikianza kupanda, egesha, usijikaze kiume.

Ng'ombe amezaa ndama jike. Paa la jiko linavuja upande wa kuni, baba yako anasema ni bati, mimi nasema ni misumari. Njoo na turubai kubwa la kufunikia viazi, huku yanauzwa mepesi, yanachanika kwa upepo wa kwanza. Na dawa za presha za baba yako za miezi miwili, karatasi ya daktari nimempa mdogo wako aipige picha. Mwambie mkwe wangu masweta ya watoto ayaweke juu ya begi, si chini, Makambako mtafika jioni na pale upepo hauna huruma.

Simu yangu Jumamosi itakuwa wazi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Piga ukiwa pale pale kwenye yadi, kabla ya kuwasha.

Mama yako