YAH: MALALAMIKO KUHUSU MTANDAO WA MESHI MLIOTUFUNGIA

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Kwa heshima nakuandikia barua hii, ambayo sasa ni ya tatu, kuhusu nodi tatu za meshi, yaani vifaa vya Wi-Fi vinavyopokezana data kutoka kimoja hadi kingine, mlizofunga katika kituo chetu cha mafunzo. Masharti ya dhamana mmeyaandika wenyewe, sina haja ya kuyarudia.

Muuzaji wenu alituhakikishia kwamba kila nodi ina redio (kifaa cha ndani cha kurusha na kupokea mawimbi) ya pekee ya kuziunganisha nodi zenyewe, mbali na ile inayohudumia simu na kompyuta. Redio hiyo haimo. Redio moja ya gigahezi 5 inabeba kazi zote mbili, na kwa kuwa haiwezi kupokea na kurusha kwa wakati mmoja kwenye chaneli ileile, kasi hupungua karibu nusu kila data inapovuka nodi. Nimepima mwenyewe: megabiti 94 kwa sekunde ghorofa ya chini, 45 ya kati, 21 ya juu, na huko juu ndiko wanafunzi wanakofanyia mitihani.

Jumanne fundi wenu alifika. Nilimkabidhi karatasi ya vipimo hivyo. Aliikunja bila kuisoma, akanirudishia, akatamka mbele ya wanafunzi kwamba mtandao hauna kosa ila zege la jengo, na kwamba mimi sijui ninachokipima. Ni kweli zege hudhoofisha mawimbi, lakini jengo hilo mlilikagua kabla ya kutuuzia, na siku ya ukaguzi tuliomba nodi ziunganishwe kwa waya, mkatujibu kwamba haina haja.

Narudia, Meneja, kwa sababu bado linaniuma: aliikunja karatasi yangu bila kuisoma, kisha, ili kunionyesha kwamba meshi hujiponya yenyewe, yaani hutafuta njia nyingine nodi moja ikizimika, akachomoa nodi ya kati huku mtihani ukiendelea. Taa ya nodi ya juu ikawa nyekundu na wanafunzi wote wa ghorofa ile wakakatika. Meshi hujiponya pale tu nodi inapokuwa na jirani mwingine wa kupitia. Nodi ya juu haiifikii ya chini, kwa hiyo haikuwa na pa kupita, na fundi wa kazi hii hakupaswa kulijua hilo kutoka kwa mteja. Aliondoka akiwa ameandika kwenye fomu yake kwamba tatizo limekwisha. Fomu hiyo sikuisaini.

Katika barua ya kwanza niliomba nodi zibadilishwe tu. Sasa nataka mziondoe, mturudishie fedha zote, na muwaandikie wanafunzi wale barua ya kuwaomba radhi. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitayafikisha malalamiko haya, pamoja na vipimo na barua zote tatu, kwa mamlaka inayosimamia mawasiliano, na baada ya hapo mahakamani.

Wako,
Mkuu wa Kituo