Malalamiko: gauni langu la hariri mmelifua kwa jiki

Kwa Meneja,

Salaam. Naandika kwa heshima, ingawa heshima yenyewe imebaki kidogo. Utaratibu wenu mnaujua, mmeubandika wenyewe pale kaunta kwamba nguo inakaguliwa lebo kabla ya kupokelewa. Sasa naomba kujua ya kwangu aliikagua nani.

Jumamosi nimekuja kuchukua mzigo, kijana wenu ananipa gauni limekunjwa ndani ya mfuko, nalifungua palepale, kifua kizima mabaka ya njano na kwapani pamechanika kama karatasi iliyolowa, harufu ya jiki inanipiga puani. Namuuliza, mdogo wangu hii nini? Ananijibu mbele ya wateja wanne: "Mama, hii nguo ilishachoka, nenda soko la mitumba Karume kachukue nyingine ya elfu tano." Watu wakacheka.

Hilo gauni ni la marehemu mama yangu, hariri tupu, aliletewa na kaka yake kutoka Muscat. Miaka yote mama alilifua mwenyewe kwa maji baridi na shampuu kidogo, halikamuliwi, analiviringisha kwenye taulo linyonye maji kisha anaanika kivulini. Hata mi ningefanya hivyohivyo ila lilidondokewa na mafuta ya pilau, na mafuta kwenye hariri maji matupu hayayawezi, yanataka dawa ya drai klini, ndo maana Jumanne nikawaletea nyie wataalamu. Nikamwonyesha dada aliyepokea lebo ya ndani, pembetatu imepigwa msalaba yaani usitie jiki, duara lina herufi P yaani drai klini. Akasema nimeelewa, kwenye risiti kaandika drai klini, nikalipa 18,000.

Jiki ni ya pamba nyeupe jamani, mashuka na taulo. Hariri na sufu zinatoka kwa wadudu na wanyama, ni kama nywele tu, jiki inazila. Mfua nguo asiyejua hilo anafanya nini hapo? Na koti la sufu la mume wangu lililokuwa kwenye mzigo huohuo mmelizungusha kwenye mashine na maji ya moto, limejikunyata mikono inamwishia kwenye kiwiko, hilo nimeligundua nimeshafika nyumbani.

Halafu Alhamisi, nimesahau kusema, nilipiga simu kuuliza kama doa limetoka nikaambiwa "tumelilowesha, litatoka tu". Kulilowesha! Hariri, siku nzima! Ningejua mmelilowesha kwenye nini ningekuja mbio na bodaboda usiku uleule.

Narudia la Jumamosi kwa sababu tangu siku hiyo silali. Nimeshika gauni la mama, mikono inatetemeka, kijana hata macho hajainua kwenye simu yake, ananiambia niende Karume. Elfu tano. Nguo ambayo mama aliivaa siku naolewa, na Ijumaa hii inayokuja nilikuwa niivae mimi kwenye nikahi ya binti yangu. Hata pole hakusema. Na yule dada wa Jumanne alikuwepo, kakaa kimya anapiga pasi.

Siku ile nilitaka tu mnirudishie 18,000 yangu. Sasa nataka na 120,000 ya koti, na 400,000 ya gauni ingawa kwangu halina bei, na barua ya kuomba radhi yenye sahihi yako wewe meneja. Msinionyeshe yale maandishi madogo nyuma ya risiti eti hamhusiki na nguo itakayoharibika, mimi nimelipia drai klini nyie mkatia jiki, hiyo siyo bahati mbaya. Nawapa siku 7. Zikipita naenda Tume ya Ushindani, FCC, na gauni lenyewe, risiti na namba niliyowapigia Alhamisi, na picha nazirusha kwenye magrupu yote ya WhatsApp ya mtaani, Sinza nzima ione.

Na siku ya kuleta hela uje na yule kijana nyumbani kwangu, asimame mbele ya binti yangu arudie lile neno lake la Karume.

Mteja wenu wa miaka sita,
Sinza